Kutishwa kwa raha: maswali yenu kuhusu Halloween

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa wasomaji wetu wa Marekani, Kanada na Uingereza. Huko, jioni ya tarehe 31 Oktoba, mkesha wa Watakatifu Wote, watoto huvaa mavazi ya mizimu na mifupa, maboga huchongwa sura za kutisha yakawashwa taa ndani, na majirani hugawa peremende mlangoni. Barua chache zimetoka nyumbani. Zile zinazohitaji maelezo ya kazi tumezijibu kwa kirefu.

Ndugu Mhariri, hapa Nairobi siku hizi kuna sherehe za Halloween kwenye kumbi za starehe, na wenzangu chuoni hushindana kutazama filamu za kutisha usiku wa manane. Mimi sielewi. Hofu ni adha. Mtu anaifuataje kwa hiari yake, tena kwa pesa yake? (Mwanafunzi, Nairobi)

Mwili hauna subira ya kuuliza maswali. Mlango ukibamizwa ghafla gizani, sehemu ya ubongo iitwayo amigdala hupiga mbiu kabla akili haijajua ni nani aliyeubamiza. Adrenalini humwagika kwenye damu, moyo huenda mbio, mboni za macho hupanuka, misuli hukaza tayari kwa kukimbia. Punde tu akili hufika na habari yake: ni rafiki yako huyo, amejifunika shuka. Hatari imeondoka, lakini moyo bado unadunda. Mwanasaikolojia Dolf Zillmann alieleza kwamba msisimko wa namna hii hauzimiki papo hapo, bali hubaki mwilini na kuingia katika hisia inayofuata. Ndiyo maana kicheko kinachokuja baada ya ukelele huwa kikubwa kuliko kicheko cha kawaida. Mwenzake Paul Rozin aliiweka hofu ya namna hii kundi moja na ulaji wa pilipili kali: ulimi unalia moto, mlaji anajua hakuna moto, na utamu uko hapohapo katika kujua kwamba mwili umedanganyika.

Kipimo chake ndicho kigumu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Aarhus, Denmaki, waliwafunga watu 110 vifaa vya kupima mapigo ya moyo kisha wakawapitisha katika nyumba ya mizimu, yaani jengo la burudani lililopangwa kutisha wageni, huko Vejle. Matokeo yao, yaliyochapishwa 2020, yalionyesha kwamba raha hupanda pamoja na hofu hadi mahali fulani, halafu hofu ikizidi hapo raha huanza kushuka. Aliyetishwa kidogo mno alichoka, na aliyetishwa mno aliumia. Waliofurahia zaidi walikuwa katikati.

Wala raha hii si ngeni kwetu. Mtoto anayesikiliza hadithi ya zimwi lililomfungia binti ndani ya ngoma humsogelea bibi, hujifunika kanga hadi puani, na bibi akinyamaza humhimiza: "Endelea!" Anajua zimwi halitoki nje ya hadithi, na anajua bibi ataacha akiombwa aache. Linganisha na hofu ya popobawa iliyokumba Pemba na Unguja mwaka 1995, watu wakawa wanalala nje kwa makundi wakikesha na moto. Hapo hakuna aliyecheka, kwa sababu hakuna aliyekuwa na uwezo wa kusema basi. Ukitaka kujua kama kitisho fulani ni burudani au ni ukatili, tazama kama anayetishwa anajua yuko salama, na kama anaweza kukikomesha mwenyewe. Kimoja kikikosekana, usimlaumu mtu kwa kutofurahia.

Mhariri, mume wangu alivaa kinyago cha fisi kumchekesha mwanetu wa miaka mitatu. Mtoto alilia hadi akatapika, na hata baba alipokivua hakutaka kubebwa naye. Je, tumemharibu? Na dada yake wa miaka saba mbona alicheka tu? (Mama wa wawili, Columbus, Ohio)

Hamjamharibu, mama. Umri ndio unaotenganisha watoto hao wawili. Mwaka 1969 mtafiti Rheta DeVries alichapisha jaribio alilofanya na paka mpole aitwaye Maynard. Watoto walionyeshwa paka na kumpapasa, kisha sehemu yake ya mbele ikafichwa huku akivishwa kinyago cha mbwa. Mkia na mwili wake viliendelea kuonekana muda wote. Hata hivyo wengi wa miaka mitatu waliamini paka amekuwa mbwa kweli, na baadhi waliogopa kumgusa. Wa miaka sita walijua ni paka yuleyule. Kwa mwanao, basi, baba hakuvaa fisi. Baba alitoweka, fisi akaja, kisha akatokea mtu aliyefanana na baba ambaye huenda akageuka tena wakati wowote.

Rudieni jambo hilo mchana, si usiku, na mpeni mtoto usukani. Wekeni kinyago mezani siku nzima, akipite apendavyo. Kesho yake mpeni akishike, akipake rangi akitaka, akivishe mwanasesere. Kisha baba akiweke mbele ya kifua, si usoni, huku akiongea kwa sauti yake ya kila siku. Akishavumilia hilo, afunike nusu ya uso kwa sekunde mbili na kukiondoa, na mtoto ndiye aseme "vaa" na "vua". Msiruke hatua. Akionyesha wasiwasi, rudini nyuma moja. Na usiku wenyewe wa Halloween msimpeleke kwenye nyumba zenye vitu vinavyoruka na kupiga kelele. Rangi ya uso ni bora kuliko kinyago kwa mtoto wa umri huu, kwa sababu anaiona ikipakwa kidogo kidogo na uso wa mtu haupotei. Ijaribuni kwanza kwenye mkono siku moja kabla, maana baadhi ya rangi huwasha ngozi.

Kila mwaka tunachonga boga, na kila mwaka linaoza au linanywea kabla ya tarehe 31. Tunakosea wapi? Na je, lile boga linaliwa? (Familia, Louisville, Kentucky)

Pengine mnachonga mapema mno. Boga zima likiwekwa pakavu na pasipo joto hukaa mwezi na zaidi, lakini likishakatwa hewa hukausha nyama na kuvu huingia. Kwenye hali ya ubaridi litadumu kama wiki, kwenye joto siku tatu tu. Chongeni tarehe 29 au 30.

Mkinunua, tafuteni lenye kikonyo kigumu cha kijani, lisilobonyea popote ukilifinya kwa kidole gumba, na linalokaa wima bila kuyumba. Msilibebe kwa kikonyo. Kikikatika huacha kidonda, na uozo huanzia hapo.

Kama mtatumia taa ndogo ya betri, kateni tundu chini au mgongoni badala ya juu. Boga hukaa vizuri zaidi na kikonyo chake hubaki pambo. Kama lazima iwe juu, lazeni kisu kuelekea katikati mnapokata, kwa mshazari, ili kifuniko kiwe kama koni. Mkikata wima kitatumbukia ndani. Toeni mbegu na nyuzinyuzi zote, kwa sababu hizo ndizo zinazooza kwanza. Kisha kwangueni kwa kijiko cha chuma ukuta wa ule upande wa uso tu, hadi ubaki unene wa sentimita 2 na nusu hivi. Ukibaki mnene zaidi msumeno hukwama na mwanga haupenyi, na ukiwa mwembamba mno sura hujikunja ndani siku ya pili.

Choreni sura kwenye karatasi, ibandikeni, mtoboe mistari kwa pini, kisha ondoeni karatasi na kufuata vitobo. Tumieni ule msumeno mdogo wa maboga unaouzwa madukani msimu huu, si kisu cha jikoni. Kisu hukwama, mtu huongeza nguvu, kikachomoka ghafla na kumpata mkono wa pili uliolishika boga. Anzeni na vipande vidogo, macho na pua, mmalizie mdomo. Mkianza na mdomo ukuta hulegea na macho hupasuka. Kipande kikishakatwa kisukumeni kutoka ndani kwa kidole, msikivute kwa ncha ya msumeno.

Baada ya kuchonga, changanyeni kijiko kikubwa kimoja cha jiki, kama mililita 15, na lita 4 za maji. Pulizieni ndani na kwenye kingo zote, kisha ligeuzeni likauke. Dawa hiyo huua kuvu. Kingo zilizokauka zipakeni mafuta ya mgando ili maji yasitoke, lakini mafuta hayo hushika moto, hivyo boga lililopakwa liwekewe taa ya betri tu, kamwe si mshumaa. Likianza kunywea, lizamisheni kwenye maji baridi usiku mmoja na litarudisha umbo kwa siku moja au mbili. Baridi ikishuka hadi kugandisha, liingizeni ndani. Nyama iliyoganda ikiyeyuka huwa rojo.

Kuhusu kula: lililochongwa na kutiwa jiki halifai kabisa. Hata likiwa zima, lile boga kubwa la kuchonga lina maji mengi na utamu kidogo, na mkilipika kwa nazi mtapata uji. Nunueni lile dogo la duara la kutengenezea mikate mitamu. Nyama yake imekaza na hupendeza kwa nazi na iliki. Mbegu, hata za lile kubwa, ni nzuri: chemsheni dakika 10 kwenye maji ya chumvi, zikausheni kwa kitambaa, vikombe viwili vichanganywe na kijiko kikubwa cha mafuta, zioke kwenye joto la sentigredi 175 kwa dakika 15 hadi 20 huku mkizigeuza. Zisipokaushwa vizuri huiva kwa mvuke na kuwa kama ngozi.

Kwa taarifa tu, kazi hii ilianza na zao jingine kabisa. Waairishi na Waskoti walichonga aina ya figili kubwa iliyo ngumu kuliko boga. Waairishi waliohamia Marekani kwa wingi katika karne ya 19, wakati wa njaa ya viazi na baada yake, walikuta boga, zao la Amerika, kubwa na jepesi kuchimba.

Huu ni mwaka wetu wa kwanza hapa. Watoto wanataka kwenda kubisha hodi nyumba za watu gizani, na shangazi yao kwa simu anatuonya kwamba peremende hutiwa sumu na sindano. Tufanyeje? (Baba, Toronto)

Shangazi ana nia njema, lakini hofu yake imeelekezwa kusiko. Mwanasosholojia Joel Best wa Chuo Kikuu cha Delaware amefuatilia habari hizo kuanzia zile za mwaka 1958, na hakuthibitisha hata kisa kimoja cha mtoto kuuawa na peremende aliyopewa na mtu asiyemjua. Kisa maarufu cha sumu, cha Texas mwaka 1974, kilikuwa cha baba aliyemwekea sumu mwanawe mwenyewe akitaka fedha za bima. Kagueni mfuko wakirudi, mtupe kilichofunguka, na kwa mtoto aliye chini ya miaka minne ondoeni peremende ngumu na karanga kwa sababu humkaba koo. Hiyo inatosha.

Hatari yenyewe ni gari. Uchunguzi wa ajali za Marekani za miaka 1975 hadi 2016, uliochapishwa 2019, ulikuta kwamba hatari ya mtembea kwa miguu kuuawa barabarani jioni ya Halloween ni kubwa kwa asilimia 43 kuliko jioni nyingine za karibu na siku hiyo, na watoto wadogo ndio walioathirika zaidi. Kwa hiyo bandikeni utepe unaong'aa ukimulikwa mgongoni na kwenye mfuko wa peremende, kila mtoto awe na tochi yake, vazi liishie juu ya kifundo cha mguu ili asijikwae, na kinyago kikitumika kivaliwe mlangoni tu kisha kipandishwe kichwani wakati wa kutembea. Malizeni upande mmoja wa barabara kabla ya kuvuka kwenda wa pili. Kanada mwishoni mwa Oktoba ni baridi, basi nunueni vazi kubwa kwa saizi moja ili koti liingie chini yake. Mkilivalisha koti juu, mtoto atalia jioni nzima kwamba hakuna anayeona yeye ni nani.

Adabu ya mtaa ni rahisi. Taa ya barazani ikiwaka, mnakaribishwa. Ikiwa imezimwa, piteni. Mtoto hubisha, husema "trick or treat" (yaani zawadi, la sivyo tutawafanyia mzaha), huchukua kimoja au viwili, hushukuru. Boga lililopakwa rangi ya samawati-kijani mlangoni lina maana kwamba nyumba hiyo inatoa vitu visivyo vya kula, kama penseli au vibandiko, kwa watoto wenye mzio wa karanga, maziwa na vinginevyo. Desturi hiyo ilienea Marekani kuanzia 2014. Saa hutofautiana kwa miji, na kwingine hata siku. Eneo la Columbus, kwa mfano, kwa miaka mingi lilikuwa na jioni yake iitwayo Beggars' Night, yaani Usiku wa Ombaomba. Waulizeni majirani, na hapohapo waulizeni walipata watoto wangapi mwaka jana. Zidisheni hesabu hiyo kwa mbili mkinunua peremende zenu.

Sisi vijana wa jumuiya yetu tunataka kugeuza ukumbi kuwa njia ya kutisha kwa watoto wa miaka 8 hadi 13. Tuna vitambaa vyeusi, spika na pesa kidogo. Tuanzie wapi? (Kamati ya vijana, Manchester)

Anzeni na mlango wa kutokea. Tarehe 11 Mei 1984, katika bustani ya michezo huko New Jersey, moto uliua vijana 8 ndani ya nyumba ya mizimu iliyojaa sponji na vitu vingine vinavyoshika moto haraka, bila mfumo wa maji ya kuzimia moto darini. Kwa hiyo hakuna mshumaa, hakuna mifuko ya plastiki ya taka ukutani, hakuna waya sakafuni. Vitambaa viwe vile vilivyotiwa dawa ya kuzuia moto, na vikae mbali na taa. Njia iwe na upana wa mita moja, milango ya dharura ionekane, na mtu mmoja akae kwenye swichi ya taa kuu kazi yake ikiwa hiyo tu. Mtoto yeyote akisema "Simama!" taa ziwashwe zote.

Sasa utishaji. Ingizeni watoto wanne au watano kwa pamoja, na safari nzima isizidi dakika saba. Ikirefuka zaidi watazoea giza na kuanza kutukanana kwa vicheko. Kosa la wengi ni kupiga kelele tangu mlangoni hadi mwisho. Sikio likishajaa, halishtuki tena. Wekeni chumba cha kwanza kitupu na kimya, chenye mlio mmoja wa mbali. Mtoto mwenyewe ataanza kujitisha, na hiyo ni nusu ya kazi mliyofanyiwa bure. Chumba cha pili wekeni kitu cha kutazamwa mbele, tuseme mwanasesere mkubwa kitini aliyemulikwa kutoka chini. Macho yote yakiwa kwake, mwigizaji atokee pembeni. Asitokee mbele kabisa, kwani watoto watarudi nyuma na kugongana. Kitisho cha pembeni au cha nyuma huwasukuma kuelekea mnakotaka waende. Atokee, sekunde mbili, apotee. Akibaki wataanza kumkagua viatu na kumtaja jina. Na asimguse mtoto hata kidogo.

Chumba cha masanduku hupendwa sana na hugharimu kidogo: sanduku lenye tundu la kuingiza mkono, ndani tambi zilizopikwa zikapozwa na mafuta kidogo, jingine zabibu zilizomenywa, jingine glovu iliyojazwa maji na kugandishwa. Msitumie karanga wala maziwa. Taa za kumemetameta ziacheni, maana mimemeto kati ya 3 na 30 kwa sekunde inaweza kuamsha kifafa kwa wachache.

Mkitaka ukungu unaotambaa sakafuni, barafu kavu, yaani gesi ya kaboni dayoksaidi iliyogandishwa, ndiyo dawa, ila ina masharti. Ina baridi ya nyuzi 78 chini ya sifuri na huunguza ngozi, basi glovu nene na koleo. Nunueni siku ileile, kwa sababu hata kwenye kasha la kuhifadhia baridi hupotea kilo mbili na zaidi kwa siku. Nusu kilo kwenye lita 4 za maji moto hutoa ukungu mzito kwa dakika tano hadi kumi, kisha maji hupoa na ukungu hukata. Badilisheni maji, msiongeze barafu. Ukungu huo unabeba gesi ya kaboni dayoksaidi, ambayo ni nzito na hukaa chini, palepale pumzi ya mtoto mdogo ilipo. Fungueni madirisha, sufuria iwe mbali na mkono wa mtoto, na msiifungie barafu hiyo kwenye chupa au chombo chochote kisichopumua. Hupasuka.

Sisi ni Waislamu. Shule ya mwanetu itakuwa na siku ya mavazi ya Halloween na sitaki ashiriki, lakini sitaki atengwe. (Mzazi, Minneapolis)

Uamuzi ni wako, dada, na shule nyingi zimezoea ombi hilo. Mwandikie mwalimu wiki mbili kabla, si asubuhi ya siku yenyewe, na uulize hasa kutafanyika nini. Mara nyingi ni gwaride la nusu saa na keki. Pendekeza mwenyewe mtoto afanye nini wakati huo: maktaba, au kumsaidia mwalimu wa darasa jingine akiwa na mwenzake mmoja. Jioni zima taa ya barazani na watoto hawatabisha.

Marafiki zangu hunilazimisha kwenda nyumba ya mizimu kila mwaka. Nafumba macho njia nzima, wananicheka. Nataka kwenda nao, ila sitaki kuteseka. (Msomaji, Dallas)

Kufumba macho si aibu, ni ufundi. Watafiti wa Denmaki tuliowataja walichapisha mwaka 2019 uchunguzi wa wageni wa nyumba ya mizimu wa aina mbili, wanaojitahidi kuogopa zaidi na wanaojitahidi kuogopa kidogo. Wote waliridhika kwa kiwango kinachokaribiana. Tembea katikati ya kundi, kwani waigizaji huwalenga wa kwanza na wa mwisho. Mshike mkono mmoja unayemwamini. Tazama mabega ya aliye mbele yako badala ya pembe za chumba, na utafute mitambo: spika iko wapi, taa inatoka wapi, mwigizaji anapumzikia wapi. Sauti nayo hutisha sana, hivyo vizibo vya masikio vya sponji vinaweza kupunguza hofu. Kabla ya kuingia muulize mhudumu ni neno gani la kusimamisha na milango ya kutokea iko wapi, na uwaambie marafiki mapema kwamba ukisema unatoka, mmoja wao anatoka nawe bila mjadala. Wasipokubali sharti hilo, kaa nje na uwashikie makoti.